Shemasi Aliyesindikiza kwa Simu

Kuaga kwa Shemasi kulikuwa na kazi kuliko kufika. Ukifika alikupokea kama mtu mwingine yeyote: kiti, maji ya kunywa, habari za nyumbani, kikombe cha chai isiyokolea sukari. Ila ukisimama uondoke, naye alisimama, akapapasa viatu vyake vya plastiki chini ya kitanda, akachukua fimbo nyuma ya mlango, akasema, "Twende, nikufikishe mbele kidogo." Hiyo mbele kidogo haikuwa na mwisho. Sisi watu wa Kivu Kusini tunasindikizana, mgeni haachwi mlangoni ajiondokee kama aliyefukuzwa, lakini kuna kiasi chake. Wengi huishia kwenye bomba la maji, mkapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Shemasi alipita bomba, akapita shule, akapita mashamba ya mahindi, na ukigeuka kumwomba arudi maana jua linazama, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Tembea tu. Niko nakuona."

Aliyasema hayo akiwa nyuma yako. Hakuwahi kutembea mbele ya mtu, wala sambamba naye. Alikuwa nyuma, hatua chache, na fimbo yake ikigonga ardhi. Wewe uliongea ukiangalia mbele, yeye akajibu kisogo chako. Ukifika kwenye kona alisimama akakutazama mpaka umeikata, na kama hukugeuka kupunga mkono, siku ya pili alikuuliza ulikuwa na haraka gani.

Alikuwa na rafiki, mzee mmoja Mrundi fundi wa baiskeli, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Wakikutana wawili hao ilikuwa balaa. Shemasi anamsindikiza fundi mpaka kwake. Fundi anaona aibu mtu mzima arudi peke yake, anamgeuza, anamsindikiza mpaka kwa Shemasi. Shemasi naye hakubali. Niliwaona jioni moja wakipita mbele ya kibanda changu Misiera, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakarudi, wakapita tena, wote wawili wamechoka na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuagwa. Mke wa fundi ndiye aliyekuja kuwaachanisha, na hakutumia maneno mazuri.

Kibanda changu kilikuwa cha kuchaji simu. Nilikuwa na sola mbili juu ya bati na ubao wenye matundu ya kuchomekea waya, na kambi nzima, naona, ilipitia pale. Ndivyo nilivyomjua. Alikuwa shemasi wa kanisa letu, mzee aliyekula chumvi nyingi, na kwa kweli kanisani hakuwa na maajabu. Alisinzia kwenye maombi ya asubuhi, ila hakukosa hata siku moja, na ukimgusa bega alisema "Amina" kabla hajafungua macho. Kwa sukari alikuwa mkono wa birika. Kopo lake alilificha nyuma ya mto, akakutilia kijiko mwenyewe, na kabla ya kukutilia alikitikisa kijiko ili kipungue. Miguu yake tu ndiyo aliyogawa bila kupima.

Na alikuwa na hasira. Siku moja nilimpa mtu mwingine tundu lake kwenye ubao, kwa sababu alichelewa. Alinigombeza mbele ya watu.

"Weye mutoto hauna heshima. Simu yangu iko na kazi saa kumi na mbili. Ya ule njo ya kusikiliza muziki tu."

Mimi nami nina mdomo. Nilimwambia umeme wa jua haujui cheo cha mtu kanisani. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwake lilikuwa zito kuliko tusi. Jioni nikafunga kibanda, nikashika njia ya nyumbani, na baada ya muda nikasikia fimbo nyuma yangu. Nikasimama. Ikasimama.

"Papa, unanifuata ya nini, si umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia," akasema. "Tembea."

Akanifikisha mpaka mlangoni, akanipa kisogo bila usiku mwema, akaenda zake. Nilicheka peke yangu ndani ya nyumba, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Ile kazi ya saa kumi na mbili ilikuwa Riziki, binti yake wa pekee. Riziki alikua hapa hapa Nakivale, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa. Alipoolewa kesi yake ya ukimbizi na ya baba yake zilitenganishwa, na majina ya kwenda Ujerumani yalipotoka, la kwake lilitoka, la baba halikutoka. Siku ya kuondoka Shemasi alimsindikiza mpaka pale basi linapopakia, na basi lilipoanza kwenda alitembea nyuma yake. Vijana walimshika mikono. Basi lilikwisha kupotea na bado alikuwa anataka kutembea.

Kule Riziki akapata kazi ya kuosha na kulisha wazee katika nyumba wanakotunzwa wazee wasio na mtu. Nyumba hiyo iko katika mji mdogo kaskazini mwa nchi, sehemu ya maziwa mengi na misitu, na yeye alipewa pa kukaa kijijini, upande wa pili wa ziwa. Asubuhi alipanda basi la watoto wa shule. Akitoka kazini saa kumi ya kwao, basi limekwisha kwenda, na hakuna lingine. Ilibaki njia ya miguu inayopita msituni. Na wakati wa baridi kule saa kumi giza linaingia. Hapa kwetu inakuwa saa kumi na mbili, jua linataka kuzama. Ndiyo sababu simu ya Shemasi ilitakiwa iwe imejaa saa hiyo. Riziki alipiga akiwa kwenye mti wa kwanza, na baba akamsindikiza mpaka kwenye taa ya kwanza ya kijiji.

Njia yenyewe ilimshangaza kuliko Ujerumani nzima. Alinisimulia akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya ubao wangu, akisubiri simu ijae.

"Bamechora muti kwa rangi. Kamustari ka buluu, kila muti wa kona, juu muntu asipotee. Na bameweka benchi katikati ya pori. Benchi muzuri ya mbao. Nani anakaaka pale?"

Nikamwambia labda wapita njia wakichoka.

"Hapana. Riziki anasema bantu banatoka muji mukubwa na gari, banaacha gari, banatembea kuzunguka ziwa, banarudia gari ile ile. Bako na mifuko ku mugongo. Bazee bako na fimbo mbili mbili na si bagonjwa." Akaisogeza ndoo karibu nami. "Sasa njo nani anabafukuza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Maana Shemasi na msitu walikuwa na kesi yao. Kiwanja chake hakikuwa na mti. Watu wengine walipanda mipapai na miparachichi, yeye alifagia udongo mtupu mpaka ukang'aa. Kulikuwa na shamba la mikaratusi njiani kuelekea soko la Rwekubo, na yeye alilizunguka kwa nje, juani, hata kama mvua imenyesha na njia ya nje imekuwa tope. Siku aliyonieleza sababu, simu yake ilikuwa imegoma kuchaji na tulikuwa tumekaa muda mrefu.

Walipokimbia vita kule milimani, walipita msituni na watu wengine. Yeye alikuwa mbele, anafungua njia kwa panga, Riziki juu ya mabega. Mke wake alikuwa nyuma na mzigo wa nguo.

"Nilikuwa namusikia anakohoa," akasema. "Anakohoa, naenda. Anakohoa, naenda. Halafu sikusikia. Nikageuka. Majani tu."

Alirudi nyuma, akaita, akatafuta mpaka wenzake wakamvuta kwa nguvu kwa ajili ya mtoto. Hakujua kama mkewe alipotea, au alianguka, au alichukuliwa. Mpaka leo hajui. "Tangu ile siku sitembeake mbele ya muntu," akasema, akainuka kuangalia kama simu imeanza kuingiza moto. Nilimwambia simu imeanza kuchaji, na haikuwa imeanza.

Kwa hiyo alipoanza kumsindikiza Riziki kwa simu, alimpa sharti moja. Asimwonyeshe uso, asimwonyeshe njia iliyo mbele. Aiweke simu begani, jicho la kamera likiangalia nyuma. Hivyo ndivyo Shemasi alivyoijua njia ile, kinyumenyume. Benchi aliliona baada ya kupitwa. Daraja dogo la mbao lilimjia likiwa linakwenda mbali. Alinieleza njia mara nyingi hata nami nikaijua: unaanza kuona mji unajifunga kama mlango, kisha misonobari, kisha kadaraja, kisha mti ulioanguka uliokatwa katikati ili watu wapite, kisha benchi, kisha maji ya ziwa upande wa mkono wa kushoto ambao kwa Riziki ni wa kulia, kisha taa. Wajerumani wanaotembea mle kwa raha zao, nadhani, hakuna hata mmoja aliyeijua njia yao kwa upande huo.

Alikuwa anasimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yake, pale ambapo mtandao unashika, simu imeshikwa kwa mikono miwili karibu na pua. Hakuongea mengi. Riziki alimweleza habari za wazee wake wa kazini, nani amekataa kula, nani anamwita kwa jina la dada yake, na baba akawa anaitikia, "Eee. Eee. Niko nakuona, tembea." Simu ikikatika katikati ya msitu, hakushuka kichuguu. Alibaki amesimama palepale, giza likamkuta, mpaka ujumbe uingie kwamba amefika. Ukimwambia "Papa, shuka ule," alikutazama kama umemtukania mama yake.

Wakati wa joto mambo yalikuwa mengine. Jua la kule, alisema, halina adabu, haliendi kulala. Riziki hakuhitaji kusindikizwa, lakini baba hakutaka kusikia hilo. Basi jioni moja akaona, nyuma ya bega la bintiye, watu wanatoka ziwani bila nguo hata moja, wanawake kwa wanaume, watu wazima wenye mvi. Mwingine angedhani ni ushetani. Shemasi alidhani jambo analolijua. Kwetu watu wanaoonekana njiani uchi ni wale waliokutana na wenye bunduki wakanyang'anywa kila kitu.

"Riziki, kimbia," akamwambia. "Bamebavua bantu nguo huko nyuma. Usigeuke, kimbia."

Riziki akamweleza kwa kucheka kwamba wamevua wenyewe, wanaogelea. Shemasi akaigeuza simu kifudifudi kifuani, akaomba Mungu amsamehe macho yake, na siku kadhaa alimsindikiza Riziki kwa sikio tu kila walipokaribia ziwa.

Lakini habari ya nguruwe ndiyo watu wanayoikumbuka. Nguruwe mwitu wa kule ni mkubwa, mweusi, ana nywele za mgongo kama brashi. Shemasi alimwona akitokea kwenye miti, akasimama katikati ya njia, nyuma kabisa ya Riziki, naye Riziki hana habari, anasimulia mambo ya kazini. Shemasi akapiga yowe. Si yowe la kumwita Riziki, lile yowe letu la kuita watu. Na watu wakaja. Nilikuwa nafunga kibanda, nikaona wanaume wanakimbia na mapanga, wanawake na majembe, hata fundi wa baiskeli na spana yake mkononi. Nikakimbia nami. Kichuguu kilizungukwa.

"Iko wapi?"

Shemasi akaonyesha simu.

Askari mmoja Mganda wa doria akafika anahema, bunduki mkononi. "Nani napiga kelele? Kitu gani iko hapa?"

"Nyama ya pori, afande," mtu akamwambia.

"Iko upande gani?"

"Ujerumani."

Askari akaichukua simu, akaitazama vizuri, akaigeuza huku na huku. Kwenye kioo Riziki alikuwa anaita, "Papa, Papa, ni nini? Imekwisha kujiendea." Askari akairudisha kwa adabu. "Ssebo, mzee wangu, hiyo nguruwe ni kubwa kabisa. Lakini iko Bulaya. Mimi nafanya nini? Basi, kila mutu rudi nyumba yake."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Habari ikafika Rwekubo, ikavuka mpaka Masha kwa wafugaji, na muda mrefu watoto walipomwona Shemasi walipiga yowe la utani. Mimi nilibaki baada ya wengine kutawanyika. Alikuwa amekaa juu ya kichuguu, simu imezimika.

"Bantu bote bamekuya," akasema. "Bote, na mapanga. Bamekuya fasi mubaya. Na yeye iko peke yake kule."

Nikamwambia nguruwe amekwenda, Riziki amefika, yamekwisha. Akatikisa kichwa. "Leo imejiendea. Siku ingine haitajiendea, na mi nitakuwa hapa, naona." Nilikaa naye.

Baada ya hapo akapata kopo la rangi ya bati lililobaki mahali, rangi ya buluu. Kwa kuwa kwake hakuna miti, alichora mawe. Kutoka mlangoni kwake mpaka kanisani, na upande mwingine mpaka njia kuu, kila penye kona kukawa na jiwe lenye mstari wa buluu. Mchungaji aliuliza kama kuna kampuni inataka kupitisha bomba. Watu walimcheka tena, naye akasema kwa ukali kwamba siku asipokuwepo nyuma yao watajua pa kupita. Ng'ombe walijisugua, mvua ikanyesha, akarudia kuchora. Nilimwambia, "Papa, hapa nani atapotea? Kila mtu anaona nyumba ya mwenzake." Akanijibu kwamba hata mkewe alikuwa anaona mgongo wake.

Miaka hiyo nilihamia Mbarara, nikapata meza ya kuuza chaja na vifuniko vya simu karibu na soko. Ndiko alikonifuata siku moja, na nikashangaa, maana alikuja peke yake. Aliyesindikiza watu wote hakutaka kusindikizwa. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Aliposhika mkono wangu kunisalimia, aliukosa kwanza, akashika hewa.

Akaniambia haoni vizuri pembeni. Kwamba njia imekuwa nyembamba. Nikafunga meza, nikampeleka kliniki moja ya macho mjini. Daktari, kijana mpole, alimpima sana, akanieleza kwa Kiingereza nami nikamgeuzia kwa Kiswahili chetu: ni presha ya jicho, imemla polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kidogo watajaribu kukichelewesha kwa dawa ya matone.

Shemasi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Muulize daktari. Haiwezi kunibakilia hata mupaka baridi ya kule iishe?"

Sikujua nitafsiri vipi. Nilisema tu kwamba mzee anauliza itachukua muda gani. Daktari akainua mikono yake kidogo, akaishusha juu ya meza. Hakuna aliyekuwa na kosa pale. Natamani angekuwepo mwenye kosa, ningemgombeza.

Kabla ya kupanda gari la Rwekubo alinishika bega. "Riziki asijue. Akijua sionake, ataogopa pori." Nikaahidi. Baridi ile ikaisha, nyingine ikaja, na habari nilizopata kwa majirani ni kwamba Shemasi haoni kabisa sasa, lakini jioni bado anapanda kichuguu, mtu anambonyezea kitufe, na bado anasema yale yale. Niko nakuona, tembea.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilikwenda kumwona. Nilimpelekea sukari, nyingi, makusudi. Aliipima kwa kiganja, akaiweka nyuma ya mto, akanitilia chai, akakitikisa kijiko. Nikajua ni yeye yule. Kiwanja kilikuwa kimeota majani pembeni, naye hakujua, au alijua akanyamaza.

Saa kumi na mbili ikakaribia. Tukapanda kichuguu, mimi mbele yeye nyuma, fimbo ikinigonga kisigino. Simu ikalia. "Leo shika weye," akasema kwa sauti ya chini. "Uniambie kidogo kidogo, asikusikie."

Nikafungua. Nilitegemea miti. Niliona jiko. Riziki alikuwa amekaa kwenye kiti, meza mbele yake, na nyuma yake dirisha lenye maghorofa na taa za barabarani. Aliponiona alishtuka, akaweka kidole mdomoni. Kisha akaiegemeza simu kwenye kitu, na viatu vyake vikaanza kugonga sakafu. Kimoja, kingine, kimoja, kingine. Akahema kidogo kama mtu anayepanda.

"Papa, nimeingia njia."

"Niko nakuona. Tembea."

Ujumbe wake ukashuka juu ya kioo, juu ya uso wake mwenyewe, ukisema: Nilihamia muji mukubwa tangu mwezi wa tisa. Najua haonake. Usimuambie.

Nilikaa katikati yao na siri mbili mkononi, na kila mmoja alikuwa amenikataza. Shemasi akanigusa kiwiko, anataka kujua naona nini. Basi nikamtembeza. Nilimnong'onezea kwamba mji umejifunga. Kwamba misonobari imesimama pande zote mbili na mstari wa buluu unaonekana. Kwamba kadaraja kanakwenda mbali. Viatu vya Riziki viligonga, naye akasimulia habari za mzee mmoja kazini aliyekataa kunyolewa, na machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikubadilika.

"Na ule muti wa kuanguka?" Shemasi akaninong'oneza.

"Tumeupita, Papa."

"Benchi?"

"Iko nyuma sasa. Hakuna mtu."

"Ziwa?"

"Mkono wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa. Nilipoona imetosha nikasema taa hiyo hapo. Riziki akasema, "Papa, nimefika," viatu vikanyamaza, Shemasi akaomba sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa njia, na simu ikakatika. Tulishuka. Nilitaka kulala kwa rafiki yangu Misiera, jua lilikuwa limebaki kidogo, nikaaga palepale ili kumwokoa na kazi ya kusindikiza. Haikusaidia. Alipapasa viatu vyake chini ya kitanda.

Alikuja nyuma yangu, polepole. Nilitembea kama mtu aliyebeba yai. Fimbo yake iligonga jiwe la kwanza, lile la rangi ya buluu, akasimama, akalipapasa kwa ncha ya fimbo.

"Mupaka wangu sasa njo hapa," akasema. Kisha, "Kule alihamia, kuko taa njiani?"

Nilisimama. Nilifikiria kudanganya na sikuweza. "Nani alikuambia, Papa?"

"Pori haigongake vile. Pori iko na majani." Akanigeuzia sikio. "Kuko taa?"

"Ziko, Papa. Ziko mingi."

"Basi." Akaegemea fimbo. "Usimuambie. Akijua najua, ataacha kupiga."

Nikamwambia sitamwambia. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi, akauondoa kunihimiza niende kabla giza halijaingia. Nikaenda. Kwenye kona niligeuka, kama alivyotuzoesha sote. Alikuwa bado amesimama kando ya jiwe lake, wima, uso ameuelekeza kwenye njia nyingine, ile ya kwenda ziwa letu la Nakivale, si kwenye yangu.

"Papa," nikaita, "nimefika kona."

Alipunga mkono kule ambako sikuwepo.

"Niko nakuona," akasema. "Tembea."